Rodi za Usukani Zisizopinda: Mwongozo Kamili kwa Gari la Rimoti la Kupanda Miamba

Anayetaka kuimarisha usukani wa gari lake la kupanda miamba huanza na swali moja: ninunue rodi za chuma gani, alumini, titani au chuma kisichoshika kutu? Swali ni halali, ila limekuja mapema. Chuma ni jambo la tatu. La kwanza ni unene wa rodi, la pili ni vichwa vyake (viungo vya mwishoni vyenye gololi ndani, vinavyoiruhusu rodi kugeuka), na kabla ya yote ni kuamua kipande kipi unataka kiharibike siku gari litakapobanwa vibaya. Lazima kitu kiachie. Gari la kilo 3 likidondoka na kutua kwa tairi moja ndani ya ufa, pigo lile litaishia kwenye rodi, kwenye skrubu, kwenye nako ya gurudumu (kipande kinachoshika gurudumu na kugeuka nalo) au kwenye meno ya sevo (mota ndogo inayogeuza usukani). Kazi yako ni kulipangia njia.

Ninazungumzia zaidi magari ya kipimo cha 1/10, yaani moja ya kumi ya gari halisi, ambayo kwa kawaida yana uzito wa kati ya kilo 2.5 na 3.5. Wenye magari madogo ya 1/24 wana nafuu: gari ni jepesi, sevo ni dhaifu, na rodi za plastiki zilizotoka kiwandani mara nyingi zinatosha kabisa.

Rodi ziko mbili, na kazi zao ni tofauti

Tairodi inaunganisha nako ya kushoto na ya kulia, ili magurudumu yote mawili yageuke pamoja. Dragilinki inatoka kwenye mkono wa sevo kwenda kwenye nako moja. Watu huzinunua kama seti na kuziona ni kitu kimoja, lakini haziumii kwa namna moja.

Dragilinki husukumwa na kuvutwa na sevo muda wote. Tairodi nayo hupokea mapigo ya mawe, hasa ikiwa imepita mbele ya ekseli au chini, mahali ambapo jiwe linaifikia kabla ya kugusa difu. Kwa hiyo ukiwa na uwezo wa kubadilisha moja tu kwa sasa, anza na tairodi.

Angalia pia sevo yako imekaa wapi. Kwenye magari kama Traxxas TRX-4 na Axial SCX10 III, sevo iko juu ya chasi, na ekseli imezuiwa isiyumbe kushoto na kulia kwa rodi ya panhadi. Kwenye mengine sevo imefungwa juu ya ekseli yenyewe. Tofauti hii itarudi tutakapofika kwenye vipimo.

Hatua ya 1: Isome ajali kabla ya kununua dawa

Ng'oa rodi zote mbili, toa vichwa, kisha viringisha kila rodi juu ya kioo au kigae laini huku ukichungulia usawa wa macho. Rodi iliyonyooka hutembea kimya, na mstari wa mwanga chini yake haubadiliki. Iliyopinda hugonga kioo kila mzunguko, na ule mwanga hufunguka na kufunga. Jicho la kawaida halioni mpindo wa nusu milimita, lakini kioo hakikusamehi.

Sasa tazama mpindo uko wapi. Ukiwa katikati ya rodi, jiwe ndilo lililopiga. Ukiwa mwishoni, pale nyuzi za skrubu zinapotokeza kati ya rodi na kichwa, tatizo si rodi, ni ule msumari mwembamba wa nyuzi, na kununua rodi nene zaidi hakutasaidia kitu. Kama rodi imenyooka lakini gololi inachomoka kwenye kichwa, tatizo ni kichwa. Kama kila kitu ni kizima na bado magurudumu yanacheza, shika gurudumu moja ulitikise huku ukitazama mkono wa sevo, kitako cha sevo na skrubu za nako. Mara nyingi utakuta sevo nzima inajinyonga kwenye kitako chake cha plastiki. Hapo hata rodi ya titani haikuponyi.

Hatua ya 2: Unene kwanza

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua tairodi ya sentimita 12, iliyoshikwa ncha zote mbili, na jiwe likaibonyeza katikati kwa nguvu sawa na kilo 10. Si nguvu kubwa. Gari la kilo 3 likidondoka kidogo tu linaifikia. Kama rodi ni ya milimita 4, mkazo katikati yake ni karibu megapaskali 480 (megapaskali ni kipimo cha nguvu inayobeba kila eneo la chuma). Ya milimita 5, karibu 245. Ya milimita 6, karibu 140 tu.

Linganisha na uwezo wa chuma chenyewe. Alumini ya 6061-T6 (namba hutaja aina ya alumini), ambayo ndiyo ya kawaida kwenye seti za bei ya chini, huanza kupinda bila kurudi ikifika karibu megapaskali 276. Maana yake, ya milimita 4 imeshapinda, ya milimita 5 imeponea chupuchupu, na ya milimita 6 haina habari. Chuma ni kilekile. Milimita moja imefanya kazi ambayo watu hulipia titani.

Sababu ni kwamba nguvu ya rodi dhidi ya kupinda hupanda kwa mchemraba wa kipenyo chake, na ugumu wake wa kutoyumba hupanda kwa kipeo cha nne. Ukitoka milimita 5 kwenda 6 unaongeza nguvu kwa asilimia 70 hivi, na ugumu unakuwa maradufu.

Je, rodi yenye tundu katikati ni dhaifu? Kidogo sana. Rodi ya milimita 6 yenye tundu la milimita 3 kuanzia mwanzo hadi mwisho imepoteza kama asilimia 6 tu ya nguvu yake ya kutopinda, kwa sababu kazi hufanywa na nyama ya nje. Usiogope bomba, ogopa wembamba.

Kanuni yangu kwa gari la 1/10: tairodi isipungue milimita 6 kama nafasi ipo, na dragilinki milimita 5 inatosha. Kabla ya kukimbilia unene zaidi, geuza magurudumu hadi mwisho pande zote mbili, bonyeza springi hadi chini, uone kama rodi nene haitagusa kifuniko cha difu, shokomzoba au rodi za chini za ekseli.

Hatua ya 3: Vichwa na ule msumari wa nyuzi

Rodi nyingi huunganishwa na vichwa kwa nyuzi za M3, yaani za skrubu ya milimita 3. Ndani ya nyuzi hizo, chuma halisi kilichobaki kina kipenyo cha milimita 2.4 hivi. Yaani una rodi ya milimita 6 inayoning'inia kwenye kijiti cha milimita 2.4. Ndiyo maana wengi hupinda pale, kisha wanailaumu rodi.

Tiba ziko tatu. Ya kwanza ni ya bure: punguza pengo. Nyuzi zinazoonekana kati ya rodi na kichwa ndizo zinazopinda, kwa hiyo chagua urefu wa rodi utakaokuwezesha kufunga kichwa hadi karibu kigusane na rodi. Pengo la milimita 1 ni zuri. La milimita 5 ni ajali inayosubiri siku. Ya pili ni kuhamia M4, ambayo kwa kupinda ina nguvu zaidi ya mara mbili ya M3. Ya tatu ni kuhakikisha msumari wenyewe ni wa chuma kigumu, si wa alumini iliyochongwa pamoja na rodi. Nyuzi za M3 za alumini sizipendekezi kwa tairodi ya gari lolote linalopanda mawe makubwa.

Kuhusu kina: ndani ya rodi ya alumini, nyuzi za M3 ziingie walau milimita 5. Ndani ya kichwa cha plastiki, ziingie milimita 7 au zaidi, maana plastiki hushika kwa wingi wa nyuzi.

Kisha kichwa chenyewe. Vya chuma vinavutia macho, na kweli havikatiki kirahisi, lakini vumbi likiingia gololi hula kichwa na pleyi, yaani kulegea na kucheza, huanza mapema. Vichwa vya nailoni ngumu vyenye gololi ya chuma ndani hudumu kwa utulivu zaidi, havipigi kelele, na vina faida ambayo watu huisahau: pigo likizidi, gololi huchomoka. Unairudisha kwa koleo, unaendelea na safari. Hicho ndicho kipande ninachotaka kiachie kwanza kwenye gari langu, kwa sababu ni cha bei ndogo na hubadilishwa kwa dakika chache. Ukiweka vichwa vya chuma kila mahali, umeipeleka ajali moja kwa moja kwenye meno ya sevo.

Chagua vichwa vyenye nyama ya kutosha kuzunguka gololi. Shika kichwa kwa vidole ukitikise juu ya gololi kikiwa kipya: kiwe kinazunguka kwa kubana kidogo bila kucheza. Kinachocheza kikiwa kipya hakitapona kikizeeka.

Hatua ya 4: Sasa chuma

Alumini ya 6061 ni nyepesi na hukatika vizuri kwa msumeno, hivyo inafaa kwa anayejitengenezea. Ubaya wake ni ulaini: mawe huikwangua, na ile mikwaruzo hunasa kwenye ncha za mawe badala ya kuteleza.

Alumini ya 7075-T6 ina ukomo wa kupinda bila kurudi wa karibu megapaskali 500, karibu mara mbili ya 6061, kwa uzito uleule. Kwa bei na kazi, hii ndiyo ninayomshauri mtu wa kawaida. Muuzaji akiandika "alumini" tu bila namba, chukulia ni 6061.

Titani ya daraja la 5 inafika karibu megapaskali 880, na uzani wake ni kama asilimia 57 ya chuma cha kawaida. Uzuri wake mkubwa ni kurudi: hupinda ikibanwa, kisha hunyooka yenyewe. Huteleza pia juu ya mawe vizuri kuliko alumini. Lakini ujue kwamba titani inayumba karibu mara mbili ya chuma cha unene huohuo, kwa hiyo titani ya milimita 4 itarudi kila mara, huku usukani ukilegea kila unapobana mwamba. Titani nyembamba ni anasa isiyo na kazi.

Chuma kisichoshika kutu kina sifa inayopotosha. Ni kigumu kwa kutoyumba, karibu mara tatu ya alumini, na uzito wake chini kabisa ya ekseli ya mbele ni faida kwa gari linalopanda, kwani hushusha kitovu cha uzito. Lakini aina ya 304 iliyolainishwa kwa joto hupinda bila kurudi kwenye megapaskali 215 hivi, chini ya alumini ya 6061! Ile iliyovutwa ikiwa baridi ina nguvu zaidi sana. Muuzaji asipokwambia ni ipi, nunua milimita 6 usibahatishe.

Shaba nyeupe na njano ziache zifanye kazi ya uzito kwenye magurudumu na nako. Plastiki nayo usiidharau kwa gari jepesi. Tatizo lake ni kuyumba. Sevo inageuka, rodi inajikunja kama upinde, na gurudumu linabaki palepale limebanwa kwenye jiwe.

Hatua ya 5: Iliyonyooka au iliyokunjwa?

Kuna rodi zinazokunjwa kwa makusudi ili zipande juu ya difu na kuacha nafasi ya mawe. Zinasaidia kweli, ila zina gharama. Sevo ya kilo 30 kwa sentimita (yaani inasukuma kilo 30 ikipimwa sentimita 1 kutoka katikati ya mkono wake), ikiwa dragilinki imefungwa sentimita 1.5 kutoka katikati ya mkono wake, inasukuma kwa nguvu ya kilo 20. Kwenye rodi iliyonyooka nguvu hiyo hupita katikati ya chuma bila kuisumbua. Kwenye rodi iliyotoka nje ya mstari kwa sentimita 1, nguvu hiyohiyo inajaribu kuikunja kila unapogusa usukani, hata kama hakuna jiwe.

Kwa hiyo: dragilinki inyooke kama inawezekana kwa namna yoyote. Tairodi ikunjwe tu ikiwa iliyonyooka inagonga kitu, na ikikunjwa iongezwe unene. Rodi zilizokunjwa pia hupenda kuzunguka na kulala chini zikiwa zimefungwa kwa gololi pande zote mbili. Njia ya kuzuia ni kupanga vichwa ili kimoja kigote kwenye nako kabla rodi haijaanguka. Mara nyingi kuhamisha tairodi nyuma ya ekseli au juu ya nako hutatua yote haya bila kukunja chochote.

Hatua ya 6: Vipimo

Urefu hupimwa kutoka katikati ya gololi hadi katikati ya gololi, si kutoka ncha hadi ncha ya rodi. Wauzaji wengine hutaja urefu wa rodi peke yake, bila vichwa; soma vizuri. Weka magurudumu yatazame mbele sawasawa, pima kwa kalipa, kisha toa urefu wa vichwa ujue rodi tupu iwe na urefu gani.

Tairodi yenye nyuzi za kulia upande mmoja na za kushoto upande wa pili inarekebishwa kwa kuizungusha tu ikiwa garini. Inafaa sana. Magurudumu yatazame mbele sambamba au yaingie ndani kwa nywele tu.

Kama sevo iko kwenye chasi, dragilinki iende sambamba na rodi ya panhadi na ikaribiane nayo kwa urefu. Zikitofautiana, springi ikibonyea gari litajigeuza lenyewe, na utadhani sevo imeharibika.

Anayejitengenezea: kwa nyuzi za M3 toboa kwa biti ya milimita 2.5, kwa M4 milimita 3.3. Bana rodi kwenye jiliwa, weka mafuta ya kukatia, na kila nusu mzunguko wa tapu (kifaa cha kukatia nyuzi) rudi nyuma kidogo ili kuvunja vinyoleo. Titani na chuma kisichoshika kutu vitobolewe kwa mwendo wa polepole na biti kali. Keekee ikikimbia, chuma hujikaza na biti inakufa.

Hatua ya 7: Kufunga

Skrubu zinazopita kwenye gololi ziwe nyeusi za daraja la 12.9. Zile zinazong'aa zisizoshika kutu za A2-70 zina nguvu kidogo zaidi ya nusu ya hizo. Pale nako inaporuhusu, gololi ishikwe pande zote mbili. Skrubu inayoning'inia upande mmoja hupinda mapema, hasa ukiongeza spesa (kipande cha kuinua) ndefu chini yake. Spesa ya umbo la pia, pana upande wa nako, hupunguza kuyumba.

Gundi ya nyuzi ya nguvu ya kati, ile ya buluu, ipakwe tone moja pale chuma kinapokutana na chuma. Isiguse plastiki, kwani aina kadhaa za plastiki hupasuka zikiguswa nayo. Titani ikiingia kwenye titani paka grisi ya kuzuia kukwama, la sivyo nyuzi zitang'ang'aniana na hutazifungua tena.

Mwisho, nenda kwenye rimoti upunguze kikomo cha mwendo wa sevo hadi isimame kidogo kabla nako haijagota. Sevo inayosukuma ukuta hula umeme, hupata moto, na huitesa dragilinki bila faida.

Hatua ya 8: Jaribu ukiwa bado mezani

Tia gurudumu moja la mbele kati ya matofali mawili, geuza usukani taratibu hadi mwisho, na uweke macho kwenye rodi, si kwenye tairi. Utaona kinachoyumba kwanza: rodi, kitako cha sevo, mkono wa sevo, au nako. Hicho ndicho kiungo kinachofuata kukuangusha. Kikiwa ni kichwa cha plastiki kinachojinyonga kidogo, kiache, kiko kazini. Kikiwa ni mkono wa sevo wa plastiki na wewe una sevo ya nguvu, weka wa alumini wenye meno yanayolingana na ya sevo yako. Nyingi za kipimo hiki zina meno 25.

Baada ya hapo inua gari, kunja ekseli ya mbele hadi mwisho wa springi upande mmoja kisha mwingine, huku usukani umegeuzwa kabisa. Kichwa kisifike mwisho wa kuzunguka kwake kwenye gololi. Kikifika, kinageuka kuwa wenzo wa kuvunja skrubu. Kigeuze nusu mzunguko au ongeza spesa nyembamba.

Baada ya matembezi ya kwanza kaza tena kila skrubu, kwa sababu gololi mpya hujiweka sawa na skrubu hulegea. Kisha kila mara unapoosha gari, shika tairi mbili za mbele na uzisukume ndani na nje kwa pamoja. Pleyi ikianza kusikika, badilisha vichwa vinne vyote kwa mkupuo. Kimoja kipya kati ya vitatu vilivyochakaa huchakaa upesi. Rodi zenyewe ziviringishe kwenye kioo mara moja moja, na ile ya alumini iliyopinda usiinyooshe zaidi ya mara moja: chuma kilichokunjwa na kunyooshwa kwenye sehemu ileile kitakatika hapohapo.